Dodoma Ilikuwa Makao Makuu ya Njia Moja

Mwishoni mwa Aprili 2018 Dodoma ilipata mambo mawili kwa siku mbili mfululizo. Tarehe 26, sikukuu ya Muungano, Rais John Magufuli alitangaza kuupandisha mji huu hadhi kuwa jiji. Kesho yake alikuwa Bicha, Kondoa, pamoja na Rais wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, Akinwumi Adesina, wakizindua barabara ya lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, kilomita 251. Tangazo la jiji ndilo linalotajwa hadi leo kwenye hotuba. Barabara imebaki kuwa habari ya madereva, wanunuzi wa alizeti na watu wa Kondoa. Kwa maoni yangu ilipaswa kuwa kinyume chake. Kilichoifanya Dodoma iwe makao makuu kweli ni ile lami.

TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, na hoja iliyoeleweka kwa kila mtu ilikuwa kwamba mji uko katikati ya nchi. Lakini kuwa katikati ya ramani hakumaanishi kufikika. Ilichukua miaka 45 baada ya uamuzi ule ndipo mtu wa Arusha akaweza kuja makao makuu ya nchi yake kwa lami, moja kwa moja, bila kuzunguka. Kabla ya hapo alikuwa na njia tatu, na zote zilikuwa na adha yake. Apite Segera, Chalinze na Morogoro, ndipo apande kuja Dodoma, zaidi ya kilomita 800 kwa safari ambayo ikinyooka haifiki 450. Au, baada ya lami ya Babati hadi Singida kukamilika, azungukie Singida na Manyoni. Au ajitose Kondoa, avumilie vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, huku akiomba Mungu akute maji ya mto pale Kelema yamepungua. Wengi walichagua Chalinze. Yaani ili ufike katikati ya nchi, sharti kwanza ushuke karibu na bahari.

Hali hiyo haikutokana na umaskini peke yake. Kuna historia ndefu nyuma yake, na ni vizuri kuifahamu kwa sababu naona dalili kwamba tunairudia.

Kabla ya Mjerumani, njia kubwa ya Ugogo ilitoka mashariki kwenda magharibi. Misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakata nyika ya Marenga Mkali ambako maji ya kunywa yalikuwa shida, ikaingia Ugogo, kisha ikapanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Kilimatinde, Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu na watu waliotekwa walishushwa pwani, nguo, shanga na bunduki zikapandishwa bara. Wagogo walishika kitu ambacho hakuna msafara ulioweza kukikwepa: maji na nafaka katika nchi kavu. Watemi wao wakatoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walilipa mwaka 1857, Stanley akalipa 1871, na maandishi ya Wazungu wa wakati ule yamejaa manung'uniko kuhusu hongo za Ugogo. Mimi katika manung'uniko hayo nauona utaratibu uliokuwa na akili. Msafara wa mamia ya watu ukilala kwenye kijiji kimoja unamaliza visima na ghala, na anayemaliza analipa. Nitarudi kwenye jambo hili.

Mjerumani alipokuja alitandika reli karibu na mstari uleule. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Mji wa Dodoma tunaoujua ulikua kutokana na stesheni. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mji huu ulikuwa na uso mmoja kuelekea pwani na mwingine kuelekea ziwa, na mbavu zake mbili, ya kaskazini na ya kusini, zilikuwa wazi.

Njia ya kaskazini ilipata uzito kwa sababu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Aprili 1916 kikosi cha Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer, kwa amri ya Jenerali Smuts aliyeongoza majeshi ya Mwingereza, kilitoka upande wa Arusha, kikapita nchi ya Ufiome na kuiteka Kondoa-Irangi. Lengo lilikuwa kwenda kuikata Reli ya Kati. Masika yakawahi. Njia waliyoiacha nyuma iligeuka tope, magari ya mizigo yakakwama, farasi wakafa kwa wingi, askari wakakaa na posho pungufu wakiwa mbali na ghala zao. Mei, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawashambulia hapo Kondoa na akashindwa kuwang'oa. Walisubiri mvua zikatike ndipo wakashuka kusini, na Dodoma ikatekwa tarehe 29 Julai. Kwa maneno mengine, zaidi ya miaka 100 kabla ya sherehe ya Bicha, jeshi zima lilikwishajifunza kwa njaa kwamba kati ya Babati na Dodoma mwenye amri ni udongo na mvua.

Wenyeji walilipa zaidi. Pande zote mbili za vita zilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana baadaye, Ugogo haikuwa na akiba wala nguvu kazi, na kati ya 1918 na 1920 ikaja njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Ilifukuza familia kutoka makwao na kuua watu wengi sana. Sitaji Mtunya kwa ajili ya kuongeza majonzi. Nataja kwa sababu ndiyo mara ya kwanza njia ya kaskazini–kusini kupitisha mambo makubwa katika nchi hii, na wakati ule hakuna aliyelipa hongo.

Vita vilipokwisha, Tanganyika ikawekwa chini ya Mwingereza. Ile ndoto ya mkoloni Mwingereza Cecil Rhodes ya kuunganisha Cape na Cairo ndani ya himaya moja ilikuwa imekwama hapa kwa sababu ardhi hii ilikuwa ya Mjerumani. Sasa kipande kilichokosekana kikapatikana. Ndipo ikazaliwa Barabara Kuu ya Kaskazini: Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha, Namanga. Arusha watu wataonyesha mnara wa saa na kusema ndipo nusu ya safari ya Cape hadi Cairo. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba hata ndege ziliifuata njia hiyo. Shirika la ndege la Uingereza, Imperial Airways, lilipoanza safari za London hadi Cape Town mwaka 1932, baada ya Nairobi ndege zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwaka 1940 misafara ya malori ya jeshi la Afrika Kusini ilipita barabara hii kutoka Broken Hill, Kabwe ya leo, kwenda Nairobi ili kupigana na Waitaliano huko Ethiopia.

Kwa jina ilikuwa barabara kuu, kwa hali ilikuwa ya udongo na changarawe. Lakini ilikuwa hai, maana ncha zake zote mbili zilikuwa wazi, na gari lililotoka kusini lilikuwa na sababu ya kupita Dodoma.

Sasa tuje kwenye kipindi ambacho naona hakijachambuliwa vya kutosha. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikakosa njia ya kuaminika ya kusini. Tanzania ikambeba jirani. Barabara ya Dar es Salaam–Morogoro–Iringa–Mbeya–Tunduma ikawa kipaumbele cha taifa, ikawekwa lami, na reli ya TAZARA ikafuata, ikakabidhiwa mwaka 1976. Uamuzi ule ulikuwa wa heshima na sina neno nao. Matokeo yake kwa Dodoma ni kwamba gari lililotoka Mbeya, likishafika Iringa, halikuwa tena na sababu ya kushuka mlima Nyang'oro kuja Mtera. Lilinyooka na lami kwenda Morogoro.

Januari 1973 mpaka wa Rhodesia na Zambia ukafungwa, na ukabaki hivyo hadi 1978. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, Namanga ikalala, na haukufunguliwa hadi 1983. Zitazame tarehe hizo pamoja. Makao makuu yaliamuliwa kuhamia Dodoma mwaka uleule ambao mgongo wa kaskazini–kusini ulianza kuvunjwa upande wa chini, na miaka minne baadaye ukavunjwa upande wa juu. Mpangaji wa barabara wa mwaka 1978, akiwa na fedha kidogo, bei ya mafuta juu na vita ya Kagera mlangoni, angeweka lami Kondoa kwa ajili ya gari gani? Zilizokuwa zinaonekana kwa macho zilikuwa za Dar es Salaam. Ndiyo maana kipande kilichopata lami kwanza kilikuwa cha Morogoro hadi Dodoma, kwa mkopo wa Brazil uliokuja kuwa deni la miongo mingi.

Kwa hiyo siwalaumu waliopanga wakati ule. Nawalaumu zaidi waliokuja baadaye, Namanga ikiwa imefunguliwa na Afrika Kusini ikiwa imekuwa huru tangu 1994, wakaendelea kuiacha Kondoa kwenye vumbi kana kwamba bado tuko mwaka 1977.

Lami ilikuja hatimaye, na ilianza kusini. Iringa hadi Dodoma, kilomita 260, iligawanywa vipande vitatu: Iringa–Migori, Migori–mlima Fufu, na Fufu–Dodoma. Kaskazini vilikuwa vinne: Dodoma–Mayamaya kilomita 43.65, Mayamaya–Mela 99.35, Mela–Bonga 88.8, na Bonga–Babati 19.2. Fedha zilitoka Benki ya Maendeleo ya Afrika, shirika la Japani la JICA na Serikali yetu. Kilomita zaidi ya 500 za mkopo, ambazo kizazi cha wanetu kitazilipa pia. Hilo tulikumbuke tunapozungumzia matengenezo.

Tuiangalie kwa karibu. Ukitoka Dodoma kwa Barabara ya Iringa, kabla hujachoka kukaa unafika Mpunguzi. Hii ni nchi ya zabibu, na zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Msimu ukifika, akina mama na vijana wanajipanga kando ya lami na ndoo na mabeseni, basi likipunguza mwendo wanakimbilia madirishani. Abiria ana muda wa kuuliza bei mara moja, kupatana mara moja, na noti inapita dirishani huku gari limeshaanza kuondoka. Mbele zaidi kuna kijiji kinachoitwa Mlowa Barabarani, na jina linakueleza kilizaliwa na nini. Unashuka Fufu, mibuyu inakuwa mingi, joto linapanda, na Mtera unavuka Ruaha Mkuu hapo hapo penye bwawa lililokamilika mwaka 1980 na kuanza kutoa megawati 80 za umeme mwaka 1988. Samaki wanauzwa pale, wabichi, wa kukaanga na wa kukausha, na harufu inakufikia kabla hujaiona meza.

Tazama jinsi biashara hiyo inavyofanyika. Pale Mpunguzi muuzaji anasimama ambapo gari linapaswa kupita. Hakuna nafasi ya kutosha kwa basi kujitoa barabarani, kwa hiyo biashara yote inafanyika ukingoni mwa lami, na lori la nyuma linakuja na mwendo wake wa barabara kuu. Siku mtu anagongwa, tunasema amezembea. Mchoro wa barabara ulikuwa na mitaro, alama, madaraja na vituo vya mizani, ila kwa muuza zabibu haukutenga hata mita chache za kusimama kwa usalama. Barabara ilichorwa kwa ajili ya anayepita, na huo ndio urithi wake tangu enzi ya Rhodes.

Kaskazini kuna mambo mengine. Ukipita Msalato na Veyula unaingia Mayamaya, halafu Chemba, wilaya iliyoanzishwa mwaka 2012 kutoka Kondoa. Baada ya Kondoa unapanda vilima vya Irangi. Kolo ndipo penye michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kabla ya lami, mgeni aliyekuwa Babati, njiani kutoka Tarangire au Manyara, alihesabu vumbi la kwenda Kolo akaghairi. Sasa hana sababu, na bado wengi hawafiki kwa sababu hatujaiuza Kolo kama kituo cha safari ya kutoka Arusha kuja Dodoma. Hiyo ni kazi ya utalii zaidi ya barabara, nisiifuate mbali.

La muhimu zaidi kuhusu Irangi ni ule udongo wake. Nchi hii iliharibiwa na mmomonyoko kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi la Kondoa ili majani yarudi. Majani yalirudi sehemu nyingi, lakini makorongo yapo, na mito ya mchanga ipo. Mto wa mchanga ni hatari kwa barabara kwa namna yake. Miezi minane unautazama ni mkavu, watoto wanachimba visima humo, halafu mvua ya usiku mmoja juu mlimani inaleta maji, mchanga na magogo kwa pamoja. Mchanga unajaza kalavati. Kalavati ikijaa nusu, mvua inayofuata haipiti chini, inapita juu, na ikishapita juu inakula tuta la upande wa pili kutoka chini kwenda juu. Lami inabaki inaning'inia ikionekana nzima. Dereva wa usiku hajui. Kuzibua kalavati kabla ya masika ni kazi ya makoleo na vibarua, bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya kujenga upya tuta. Ndiyo maana fedha za matengenezo zikichelewa miezi mitatu, kwa Kondoa hazijachelewa tu. Zimepitwa na mvua, na mvua haisubiri mgao.

Kuna jambo la uzito wa malori pia. Wahandisi wanajua kwamba madhara ya ekseli kwenye lami hayaongezeki sambamba na mzigo. Yanaongezeka takriban kwa kipeo cha nne: ekseli yenye uzito mara mbili inaumiza barabara karibu mara 16. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, tuliyoanza kuitumia Machi 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari lote. Sheria hiyo ni nzuri mahali ambapo mizani inafanya kazi mchana na usiku. Na kwa kuwa njia ya Iringa–Dodoma–Babati inalipunguzia zaidi ya kilomita 200 lori linalotoka Tunduma kwenda Namanga likilinganishwa na ile ya Chalinze, malori yatazidi kuja. Ndivyo tulivyotaka. Tukubali basi na gharama yake.

Hapa ndipo narudi kwenye hongo. Leo anayepita analipa kupitia tozo ya mafuta inayoingia Mfuko wa Barabara, na magari ya nje hulipa tozo zao mpakani. Fedha za Mfuko zimekuwa zikigawanywa kati ya TANROADS kwa barabara kuu na TARURA kwa barabara za wilaya, asilimia 70 kwa 30, na mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita mahsusi kwa TARURA. Nyongeza ile naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini ukiwa Chemba, ukitoka kwenye lami kuelekea Kwa Mtoro kwa Wasandawe, au Farkwa kwenye bonde la Mto Bubu, unaona kwamba manufaa ya barabara kuu yanakatika pale kwenye njia panda. Mkulima wa alizeti au ufuta aliye mbali na lami anauza kwa bei ya mwenye lori aliyekubali kuingia porini, na mwenye lori ameshaipigia hesabu springi atakayoivunja. Barabara kuu imempunguzia gharama mfanyabiashara kutoka njia panda hadi Arusha, ila kutoka shambani hadi njia panda mkulima bado anabeba gharama ya mwaka 1980. Watemi wa Ugogo walihakikisha anayepita anaacha kitu mahali anapopita. Sisi tunakusanya kwa lita nchi nzima, na hatuna utaratibu unaosema kwamba wilaya inayopitiwa na barabara kuu ya kimataifa ipate sehemu inayoeleweka ya kuunganisha vijiji vyake na barabara hiyo. Ningependa wabunge wa Dodoma, Manyara na Iringa walisimamie hili kwa pamoja, maana ni barabara moja na tatizo moja.

Atakayesema kwamba nchi ina vipaumbele vingine, nitamkumbusha Machi 2020. Mwanzoni mwa mwezi ule mvua zilikata barabara ya Morogoro–Dodoma pale Kiyegeya, Gairo. Hiyo ndiyo njia kuu ya makao makuu, inayopitisha mafuta, saruji, dawa na mabasi, na ilisimama kwa siku kadhaa. Magari yakaelekezwa kuzunguka, na mzunguko uliowezekana kwa lami ulikuwa huu wa Iringa na Mtera, pamoja na ule wa Babati na Kondoa. Fikiria tukio lilelile lingetokea miaka kumi kabla. Serikali yote isingekuwa imehamia bado, ni kweli, lakini mji ungebaki na Singida peke yake. Njia ya kaskazini–kusini ilijilipa siku zile chache, na sikusikia aliyeishukuru.

Sasa tazama uwekezaji mkubwa wa miaka hii. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, na ni kazi ya kujivunia. Kuna mipango ya barabara ya haraka kutoka Kibaha kupitia Chalinze hadi Morogoro. Yote hayo yako kwenye mstari wa misafara ya Bagamoyo. Kila kizazi kikipata fedha kinaongeza kitu kwenye mstari uleule, na kila mara hoja inakuwa kwamba ndiko kuliko na magari. Bila shaka ndiko kuliko na magari, kwa kuwa ndiko tulikojenga tangu mwanzo.

Juni 2023 Serikali ilisaini mikataba ya barabara saba ambazo mkandarasi angetafuta fedha mwenyewe. Mbili zinaihusu sana kanda hii: Arusha–Kibaya–Kongwa, kilomita 453.42, na ile ya kutoka Handeni kupita Kibaya, Chemba na Kwa Mtoro hadi Singida, kilomita 460. Ukiniuliza ipi ianze, nasema ya pili. Ya kwanza inajenga kaskazini–kusini nyingine, sambamba na tuliyonayo, wakati hatujaonyesha kwamba tunaweza kuitunza iliyopo. Ya pili inaikata barabara yetu pale Chemba na kuipa mikono. Msandawe wa Kwa Mtoro angepata lami mlangoni, na alizeti ya Chemba ingepata bandari ya Tanga bila kuzungukia Morogoro. Najua watu wa Kiteto na Simanjiro watanipinga, na wana haki yao, kwa kuwa tope lao nalo ni lilelile. Lakini barabara ya Handeni inapita Kiteto pia, hapo Kibaya, kwa hiyo si kwamba wangeachwa mikono mitupu.

Kuna na mzunguko wa nje wa jiji, kilomita 112.3, njia nne, uliowekewa jiwe la msingi na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 2022. Unaunganisha barabara zote nne: ya Singida pale Nala, ya Arusha pale Veyula, ya Dar es Salaam upande wa Ihumwa na Mtumba, na ya Iringa pale Matumbulu. Kwa mara ya kwanza lori la Tunduma kwenda Namanga halitalazimika kuingia katikati ya mji. Wakazi wa mjini wanafurahi, nami nafurahi nao. Ila lori lisilopita mjini halinunui chakula mjini, halilali mjini, halibadilishi tairi kwa fundi wa mjini. Tukiuacha mzunguko uwe uchochoro mpana wa kupitisha mizigo, tutakuwa tumerudia kosa la Mpunguzi kwa njia nne badala ya mbili: vijana watajipanga na ndoo ukingoni, kwenye mwendo mkubwa zaidi.

Jiji na TANROADS wakae sasa waamue malori yatasimama wapi. Panahitajika maegesho yenye vyoo, maji na taa, vibanda vya mama lishe, gereji ndogo, na meza za kuuzia zabibu, asali na samaki, upande wa ndani wa barabara ya kuchepuka, ili mtoto asivuke njia nne kumfuata mteja. Veyula ina faida ya kuwa jirani na uwanja wa ndege mpya wa Msalato, Matumbulu inapokea mazao ya upande wa Mpunguzi. Maeneo hayo yatengwe kwenye michoro ya mipango miji kabla viwanja vya pembeni havijagawiwa, maana vikishapata hati, kila mita ya kusimamia itabidi ilipiwe fidia.